Gari lina waranti na unataka kumpa fundi wa nje: mwongozo kwa wenye magari Mwanza

Gari jipya likifika Mwanza, mwenye gari huvutwa pande mbili. Wakala wa mtengenezaji anamwambia lisiguswe na mtu mwingine hadi waranti, ile ahadi ya kulipia kasoro za kiwandani, iishe. Upande wa pili kuna fundi wa Nyakato au Mabatini anayemjua miaka mingi, anayepokea simu hata usiku, na bei yake inalipika. Wengi huamua kwa kusikia tu. Mmoja anaogopa hata kubadilisha balbu nje ya yadi ya wakala, mwingine anamwachia fundi kila kitu na hatunzi risiti hata moja, na wote wawili wanaumia.

Inawezekana kumtumia fundi wa nje, asiye wa wakala, na waranti ikabaki hai. Masharti ni matatu: mkataba wako uwe unaruhusu, oili na spea ziwe za kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari, na kila kazi iwe na karatasi. Hilo la karatasi ndilo linalowaangusha watu wengi, kwa hiyo tutakaa nalo zaidi.

Mwongozo huu ni wa gari lililonunuliwa jipya kwa wakala hapa nchini. Gari la mtumba kutoka Japani likija na cheti cha ukaguzi, cheti hicho kinaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakimfungi mtengenezaji alipie chochote. Ukipewa na yadi garantii ya miezi mitatu ya injini na gia boksi, hiyo ni ahadi ya muuzaji mwenyewe. Hata hivyo mengi ya humu yatakufaa, maana naye akitaka kukukwepa atapita njia hizi hizi.

Hatua ya 1: Soma kijitabu cha waranti, kalamu mkononi

Kwenye mfuko wa gari huwa kuna vitabu zaidi ya kimoja: cha kuendeshea gari, cha sevisi, na cha waranti. Vyote vitatu vinahusika. Anza na cha waranti, na upigie mstari mambo manne.

La kwanza ni muda na kilomita. Waranti nyingi za magari mapya ni miaka 3 au kilomita 100,000, kinachotangulia ndicho kinachohesabika. Pikapu inayopiga safari za Kahama na Musoma kila wiki inaweza kumaliza kilomita mapema kuliko miaka. La pili ni vitu visivyolipiwa: breki pedi, plagi, wiper, mikanda, klachi, tairi na filta huhesabiwa kuwa vitu vya kuchakaa. La tatu ni ratiba ya sevisi. La nne, na ndilo kubwa, ni sentensi inayosema nani afanye hiyo sevisi.

Isome mara mbili. Ikiandikwa kwamba gari lifanyiwe sevisi "kwa kufuata ratiba na viwango vya mtengenezaji", una nafasi ya kumtumia fundi mwingine, mradi uthibitishe kwamba ratiba na viwango vilifuatwa. Ikiandikwa kwamba sevisi zote zifanywe "kwa wakala aliyeidhinishwa pekee", mkataba umekufunga, na kila sevisi utakayofanya nje unaifanya kwa hatari yako.

Utasikia watu wakisema kwa uhakika kwamba sheria inamkataza mtengenezaji kufuta waranti kwa sababu ya fundi wa nje. Sheria ya namna hiyo ipo Marekani, ya mwaka 1975. Afrika Kusini nako Tume ya Ushindani ya nchi hiyo ilitoa miongozo iliyoanza kutumika Julai 1, 2021, inayompa mwenye gari uhuru wa kuchagua gereji gari likiwa bado kwenye waranti. Usiende kwa wakala wa Mwanza ukiwa umeshika sheria ya nchi nyingine. Hapa kwetu kitakachofunguliwa kwanza mezani ni karatasi uliyosaini. Kama bado hujanunua gari, sentensi hiyo ndiyo ya kujadili kabla ya kulipa, maana baada ya kulipa nguvu yako ya kuomba imepungua sana.

Hatua ya 2: Muulize wakala kwa maandishi

Jibu la mdomo la kijana wa mapokezi halitakusaidia siku ya ubishi. Andika barua pepe, au peleka barua na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Maneno haya yanatosha:

"Ndugu Meneja wa Huduma, mimi ni mmiliki wa gari lenye namba ya chesisi hii, lililonunuliwa kwenu tarehe hii. Naomba mnijibu kwa maandishi: Moja, sevisi ya oili na filta ikifanywa na gereji nyingine kwa ratiba ya kitabu, kwa oili na filta za kiwango cha mtengenezaji, waranti itaathirika? Mbili, kama itaathirika, ni sehemu zipi za gari na ni kifungu kipi kinachosema hivyo? Tatu, mnahitaji ushahidi gani ili sevisi hiyo itambuliwe?"

Swali la tatu ndilo lenye faida zaidi. Wakala akitaja anachotaka, umepata orodha ya kufuata. Asipojibu, barua yako yenye tarehe inaonyesha kwamba uliuliza kwa nia njema kabla ya kufanya lolote.

Fanya na hesabu ya pesa. Sevisi moja kila kilomita 10,000 hadi kilomita 100,000 ni sevisi kumi tu. Ikiwa tofauti ya bei kati ya wakala na fundi ni ndogo ukilinganisha na bei ya injini mpya, na unakaa Pasiansi au Buhongwa, lipeleke gari kwa wakala umalize. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hata mtu wa Sengerema au Geita anaingia Mwanza bila foleni ya kivuko. Aliyeko Ukerewe, au mwenye gari ambalo wakala wake yuko Dar es Salaam pekee, ana sababu ya kweli ya kutafuta fundi wa karibu.

Hatua ya 3: Gawanya kazi

Kazi anazoweza kupewa fundi wa nje ni zile za kawaida: oili ya injini na filta yake, ea klina, filta ya AC, breki pedi, wiper, balbu, betri, tairi na kubalansi.

Kazi za wakala ni zote ambazo waranti inazilipia, maana hakuna sababu ya kulipa mfukoni kitu ulichokwishalipia. Gia boksi, noza na pampu ya dizeli, kompyuta ya gari, mfumo wa breki wa ABS, ea bagi, kompresa ya AC, usukani wa umeme: fundi wa nje asifungue hata boliti moja. Akishafungua, hakuna atakayejua tena kama kosa lilikuwa la kiwandani au la spana yake. Na mtengenezaji akitangaza kurudisha magari yarekebishwe kosa la kiwandani, kazi hiyo ni ya wakala na ni ya bure, hata kama sevisi zako zote ulifanya nje.

Kundi la tatu ni mambo yasiyopaswa kufanywa na yeyote hadi waranti iishe. Kuongeza majani ya springi ili pikapu ibebe zaidi. Kuinua gari. Kubadilisha programu ya injini ipate nguvu. Kukata nyaya za kiwandani ili kufunga alamu, redio, taa za ziada au kifaa cha kufuatilia gari. Hili la nyaya huua madai mengi ya umeme: fundi anachuna waya, anausokota na mwingine, anafunga selotepu, na miezi mitano baadaye kutu ya kijani imeingia na taa za dashibodi zinawaka zenyewe. Kama kifaa cha kufuatilia gari ni lazima kwa kazi yako, kifungwe kwa kuunganisha kwenye boksi la fyuzi kwa kiunganishi chake chenye fyuzi ya peke yake, bila kukata waya wowote.

Hatua ya 4: Chagua gereji kabla hujaihitaji

Nenda siku ambayo gari lako halina tatizo, uangalie anavyofanya kazi kwenye gari la mtu mwingine. Angalia kama sehemu ya kazi imesakafiwa au ni mchanga mtupu. Angalia kama anafuta mdomo wa kujazia oili kabla ya kufungua. Muulize kama ana toki renchi, ile spana inayopima nguvu ya kukaza, na umwombe akuonyeshe. Fundi mzuri hatachukia. Mwambie mapema: "Fundi, gari lina waranti, nitahitaji karatasi ya kazi yenye muhuri na nitapiga picha kila hatua." Akisita, mshukuru utafute mwingine.

Hatua ya 5: Nunua oili na filta mwenyewe

Fungua ukurasa wa viwango kwenye kitabu cha gari uupige picha. Unatafuta vitu viwili kwa oili: uzito, kama 0W-20 au 5W-30, na daraja, kama API SP kwa petroli au ACEA C3 kwa baadhi ya dizeli zenye chujio la moshi. Vyote viwili lazima vilingane na kilichoko kwenye kopo.

Hapa ndipo magari mapya yanapoharibiwa kwa nia njema. Fundi aliyezoea injini za zamani atakushauri uweke 20W-50 "kwa sababu ya joto". Injini ya kisasa ina njia nyembamba za oili na mfumo wa kubadilisha muda wa valvu unaoendeshwa na presha ya oili hiyo hiyo. Oili nzito huchelewa kufika juu asubuhi, mfumo wa valvu hujibu polepole, na taa ya injini inaweza kuwaka. Wakala akikuta oili hiyo ndani, ana sababu halali ya kukataa.

Kiasi pia kina maana. Injini ndogo ya petroli ya lita 1.5 huchukua takriban lita 3.5 hadi 4. Dizeli ya pikapu inaweza kufika lita 7 au zaidi. Namba ya gari lako iko kwenye kitabu. Kopo la lita 5 halimaanishi umwage lita 5.

Nunua kwenye duka linalotoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na risiti itaje bidhaa yenyewe. Neno "spea" peke yake halithibitishi kitu. Namba ya filta kwenye boksi ilingane na ya kitabu au na iliyotajwa na mtengenezaji wa filta kwa gari hilo. Bei iliyo chini sana kuliko maduka mengine ya mjini ni dalili ya feki. Angalia sili ya kopo, chapa isiyo na ukungu, na namba ya toleo iliyopigwa kiwandani.

Kwa maji ya rejeta, usichanganye rangi kwa kubahatisha wala usiongeze maji ya bomba au ya ziwani. Madini huganda kwenye njia nyembamba za rejeta na kula alumini. Kulanti (maji maalumu ya rejeta) nyingi za kiwandani huuzwa zikiwa zimeshachanganywa, na hizo haziongezwi maji.

Hatua ya 6: Siku ya sevisi, simama karibu

Pasha injini joto dakika chache, kisha uizime. Gari liwe mahali tambarare kabisa. Vichochoro vya vilima vya Mwanza vinadanganya dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kirahisi.

Piga picha ya kilomita kwenye dashibodi na ya kibati cha namba ya chesisi. Fundi akitoa boliti ya kumwagia oili, omba uione washa yake, ile ringi ndogo ya kuziba. Washa hiyo ya shaba au alumini hubanwa mara moja tu, kwa hiyo iwekwe mpya. Boliti ianze kuingia kwa vidole, ndipo spana ifuate. Injini nyingi ndogo za petroli hutaka nguvu ya Nm 30 hadi 40, na kitabu cha ufundi ndicho kinachoamua. Sampu (bakuli la oili chini ya injini) ya alumini ikikazwa kwa bomba refu, nyuzi hukatika, oili inaanza kudondoka tone kwa tone, na wiki tatu baadaye injini imekauka njiani kuelekea Magu. Hiyo hakuna waranti itakayoilipa.

Filta ya kopo ikitoka, geuza uangalie mdomo wake: mpira wa duara umetoka nayo au umebaki umenata kwenye injini? Ukibaki, na filta mpya ikafungwa juu yake, mipira miwili haikai, na oili yote inaweza kumwagika ndani ya dakika chache. Mpira mpya upakwe oili kidogo kwa kidole, filta izungushwe kwa mkono hadi mpira uguse, kisha iongezwe robo tatu ya mzunguko kwa mkono, au kama boksi lake linavyoelekeza. Filta ya aina ya karatasi yenye kifuniko cha plastiki mara nyingi ina maandishi ya nguvu ya kukaza juu ya kifuniko chenyewe.

Oili iingie pungufu kidogo ya kiasi cha kitabu. Washa injini nusu dakika, zima, subiri dakika tano hadi kumi, pima, kisha ongeza hadi kati ya alama mbili. Ikizidi alama ya juu, mtambo wa ndani unaipiga hadi inatoa povu, na oili yenye povu hailainishi vizuri. Iliyozidi itolewe kabla gari halijaondoka.

Ea klina ibadilishwe ikiwa imejaa. Kuipuliza kwa kompresa ya tairi hutoboa karatasi, na matundu hayo hayaonekani kwa macho. Wanaokaa kando ya ziwa waangalie pia rejeta baada ya misimu ya vijidudu vya ziwani vinavyotanda kama moshi, maana huziba mapezi ya rejeta. Ioshwe kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari hupinda mapezi, na ikielekezwa kwenye injini huingiza maji kwenye soketi za sensa.

Oili chafu irudi kwenye kidumu, apewe mtu anayeikusanya. Mifereji mingi ya mjini huishia Mto Mirongo, na Mirongo unaishia ziwani tunakochota maji ya kunywa.

Hatua ya 7: Faili, siku hiyo hiyo

Karatasi ya kazi iwe na tarehe, namba ya usajili, namba ya chesisi, kilomita, kazi iliyofanyika, jina la oili, uzito, daraja na lita, namba ya filta, jina la gereji, simu, sahihi na muhuri. Kama gereji ni ndogo na haina mashine ya EFD, karatasi hii pamoja na risiti ya EFD ya duka ulikonunua ndizo zinazoshikilia ushahidi wako.

Risiti za EFD huchapwa kwa karatasi ya joto. Ukiiacha kwenye dashibodi, jua la mchana linaifuta au kuifanya nyeusi yote. Itoe nakala ya kawaida siku hiyo, na upige picha inayoonyesha namba ya uhakiki. Picha zote zitume kwenye barua pepe yako mwenyewe: simu huibiwa, na barua pepe hubaki na tarehe yake. Oili iliyobaki kwenye kopo itunze na kopo lake hadi sevisi inayofuata, na filta ya zamani vilevile.

Kwenye kitabu cha sevisi andika "imefanywa na gereji fulani, tazama karatasi namba 3". Usikubali kabisa mtu akugongee muhuri wa bandia wa wakala. Wakala anaangalia kumbukumbu zake kwa namba ya chesisi, na muhuri mmoja wa uongo unaua hata sevisi tisa za kweli. Tena ni kosa la jinai.

Kuhusu muda: vitabu vingi vina ratiba ya pili ya mazingira magumu, na vumbi, safari fupi fupi, vilima na mizigo vyote vimetajwa humo. Gari linaloshinda kwenye barabara za changarawe liweke kwenye ratiba hiyo, hata kama ni kila kilomita 5,000. Sevisi iliyochelewa kwa kilomita 3,000 ni rahisi kwa wakala kuitumia dhidi yako kuliko fundi wa nje.

Hatua ya 8: Taa ya injini ikiwaka

Usimruhusu fundi afute kosa kwenye kompyuta. Kulisoma ni sawa. Kulifuta kunaondoa pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati tatizo lilipotokea, na wakala ataona kwamba kumbukumbu imefutwa karibuni. Piga picha dashibodi, andika kilomita na ulichokuwa unafanya, kisha peleka kwa wakala. Taa ya oili au ya joto ikiwaka, simama na uzime injini hapo hapo, hata kama ni katikati ya Usagara na giza linaingia. Ukiendelea kuendesha, uharibifu unaofuata utahesabiwa wako.

Hatua ya 9: Wakala akikataa

Omba sababu kwa maandishi, yenye mambo matatu: sehemu iliyoharibika, chanzo cha uharibifu, na kifungu cha waranti. Usitoe ruhusa ya kufungua injini kabla ya kuandikishana nani atalipia kazi ya kuifungua. Sehemu zilizotolewa zisitupwe.

Kisha bana kwenye chanzo. Breki pedi zilizofungwa na fundi haziharibu kompresa ya AC, na oili iliyobadilishwa nje haiharibu dirisha la umeme. Kama mkataba wako haukutaja wakala pekee, mtake aonyeshe namna kazi ya fundi ilivyosababisha tatizo hili. Mezani weka nakala za faili lako, halisi ubaki nazo.

Usiporidhika, panda ngazi: meneja wa tawi, makao makuu ya wakala, kisha mtengenezaji mwenyewe kwa anwani iliyo kwenye kijitabu. Baada ya hapo kuna Tume ya Ushindani ya hapa nchini, ambayo wengi wanaiita FCC, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 na sehemu zake za kumlinda mlaji. Malalamiko yaandikwe kwa mpangilio wa tarehe, ukurasa mmoja au miwili, na viambatisho vyenye namba. Spea feki nazo hulalamikiwa huko huko, ndiyo maana risiti ya duka usiitupe.

Hatua ya 10: Miezi miwili kabla waranti haijaisha

Lipeleke gari kwa wakala likaguliwe lote, na ulipie ukaguzi huo hata kama sevisi zote ulifanya nje. Kabla hujaenda, liendeshe mwenyewe ukiwa umezima redio: panda mlima Bugando ukisikiliza gia zinavyobadilika, pita kwenye matuta polepole usikie shokapu na bushi, acha AC iwake dakika ishirini gari likiwa limesimama, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili. Chungulia chini ya injini asubuhi kama kuna unyevu wa oili kwenye maungio. Kila unachokiona kiandike, ukikabidhi orodha hiyo isainiwe kupokelewa pamoja na tarehe na kilomita. Tatizo lililoandikishwa kabla ya siku ya mwisho una haki ya kulidai kama la ndani ya waranti, hata kama spea itachukua wiki sita kufika kutoka Dar es Salaam.